Cucu Ameshiba

Jumamosi, 12 Oktoba

Daktari wa zahanati alisema ninunue kitabu niwe naandika presha yangu kila nikipima. Akasema niandike pia kitu kilichonisumbua siku hiyo, ndio ajue kama ni chumvi au ni mawazo. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Akikuta makosa avumilie.

Presha ya leo iko juu. Kilichonisumbua ni dadu.

Joyline, msichana wangu, anafundisha watoto wa nasari hapa Kiritiri. Ako na kijana anataka kumwoa, anaitwa Gitari, wa kule juu Kianjokoma, anafanya kazi kwa duka la kuchapisha karatasi Embu mjini. Nthiga bwanangu anampenda sana huyo kijana. Wameshakubaliana na wazee wake waje Januari, ndengu zikishatoka shambani, tuanze kuongea mambo ya harusi. Mimi sikukataa. Nilisema tu nimwangalie kwanza.

Sasa nitamwangaliaje? Kwetu mama na mume wa binti yake wana nthoni, ile haya ya wakwe. Hamkai meza moja, hamli pamoja, hata mkono mnapeana kama mnagusa pasi ya makaa. Akija, yeye anakaa sebuleni na mimi jikoni, na katikati kuna ukuta wa mbao. Ninamjua kwa sauti, na kwa viatu vyake mlangoni. Viatu ni safi. Hiyo nampa.

Leo alikuja na rafiki yake Lennox na boksi la kadi. Mara nikasikia dadu zinaruka kwa meza yangu. Nikamwita Joyline.

"Mnacheza kamari kwa nyumba yangu?"

"Hakuna pesa hapo, mama. Ni gemu. Kila mtu anakuwa mtu mmoja wa boma, halafu kunaingia kiangazi, tunaona kama hilo boma litafika mvua ingine. Gitari ndiye aliitengeneza. Sheria zote ni zake."

"Kiangazi cha wapi?"

"Cha huku kwetu, Mbeere."

"Na mtu wa Kianjokoma anajua nini na kiangazi? Kwao mvua haiishi, hata nguo haikauki."

Joyline akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kwa mkono wake. Maharagwe yangu. Wametoa kwa debe bila kuuliza, wanayatumia kuhesabu chakula cha watu wa kadi. Lennox ametoka kushika pikipiki, hajanawa, anayasukuma na kidole cheusi. Walipomaliza wakayarudisha kwa debe. Nikayatoa yote nikayaosha mara mbili.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua bado. Cucu ameacha githeri ya mahindi na maharagwe nusu sahani, anasema ameshiba. Cucu, nyanya ya Joyline, ni Ciakuthii, mama ya Nthiga, tunaishi naye. Nikamalizia mimi, chakula si cha kutupa.

Jumatano, 16 Oktoba

Presha kidogo juu. Tumepanda ndengu kwa mchanga mkavu tukitumainia Mungu. Mbwa ametapika mlangoni, kuku wakakimbia kula. Sijui kwa nini naandika hii, lakini ndiyo ilinisumbua.

Jumapili, 20 Oktoba

Presha sitaki hata kuangalia.

Walikuja baada ya kanisa. Nilikuwa nachambua kunde. Wakafunga dirisha kwa sababu ya upepo na mimi nikasogeza kiti karibu na ukuta. Sitasema uongo, nilikuwa nasikiliza. Huyo mtu anataka msichana wangu, nisisikilize kwa nini?

Gitari ndiye anasoma sheria. Mtu mmoja akila kwa wiki ni haragwe moja. Asiyekula anawekewa alama ya udhaifu. Alama tatu, amekufa. Mzee anaanza na alama moja tayari, kwa sababu ni mzee. Anasoma kama mtu anasoma bei ya mbolea.

Lennox akalalamika. "Buda, hakuna hata simba? Gemu gani haina simba?"

"Wewe umeona simba Kiritiri?"

"Sijaona. Ndio maana nataka."

"Kama haifanani na maisha basi ni hadithi tu," Gitari akasema. "Dadu inafaa iumize mahali maisha yanauma."

Wakarusha. Mvua hakuna. Wakarusha tena. Mvua hakuna. Halafu nikasikia sauti ya Gitari, imetulia kabisa:

"Wiki hii cucu hali."

Wakaendelea. Mbuzi wameuzwa, msichana ameenda kuchota maji mbali. Na tena yeye:

"Cucu hali."

Lennox akapiga meza. "Wiki ya pili hiyo. Cucu anaenda, huyo."

"Ameenda," Gitari akasema.

Wakacheka. Lennox akauliza, "Na haragwe lake ni la nani sasa?"

Na cucu wa kweli, Ciakuthii, alikuwa amekaa hapo hapo kwa kona ya sebule na fimbo yake. Nikamsikia anauliza, "Huyo aliyekufa alikuwa na miaka mingapi?"

"Themanini, cucu," Lennox akamjibu.

"Basi ni mtoto."

Wakacheka zaidi. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo, na huko harufu ilikuwa afadhali. Mtu anamnyima mwanamke mzee chakula, anamhesabia mpaka amekufa, na anacheka mbele ya mwanamke mzee mwingine. Na kesho huyo ndiye nitampa Joyline, na mimi nikizeeka ndiye atakuwa anahesabu maharagwe yangu.

Jioni nikamfuata Nthiga kwa zizi.

"Huyo kijana simtaki."

"Amefanya nini?"

"Ameua cucu kwa njaa."

Nthiga akaacha kufunga kamba. "Cucu gani?"

"Wa kadi."

"Celina," akasema, "umekunywa dawa ya presha leo?"

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua imenyesha kwa muda wa saa moja hivi tu. Nzi wamejaa nyumba yote.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ndengu zimetoa vichwa. Mvua hakuna tena. Ciakuthii ameacha ugali, ameshiba. Nilipika na kunde na nikatia maziwa ya mbuzi, kitu anapenda. Tangu niolewe hapa huyu mama hajawahi kusifu mkono wangu, lakini zamani alikuwa anakula akinung'unika. Sasa ananung'unika hata kula hali. Nikamalizia mimi, nimesimama, na hasira.

Jumapili, 3 Novemba

Leo Nthiga naye ameingia kwa gemu. Mzee mzima, mfanyabiashara wa mbuzi, soko lote linamjua. Eti alisikia sheria ya mbuzi ni mbaya. Gitari aliandika mbuzi akikosa majani wiki mbili anakufa.

"Mbuzi wa nani huyo?" Nthiga akamwuliza. "Wa shule? Mbuzi anakula maganda. Anakula karatasi. Atakula hizo kadi zako. Kinachomuua mbuzi ni mapafu na kupe. Na mwizi."

Gitari akaandika. Sasa kila mbuzi ana dadu ya mapafu, dadu ya kupe, dadu ya mwizi, na mwenye mimba ana yake. Walicheza tangu mchana mpaka kuku wakaingia kulala na ilikuwa bado ni wiki ya kwanza. Lennox alilala kwa kiti mdomo wazi, mate yakishuka kwa kitambaa changu cha kushona. Nimekiloweka.

"Hii sasa ni kama maisha kabisa," Joyline akasema. "Na hakuna mtu anaweza kuicheza."

Gitari akasema kila kitu hakiwezi kuingia, lazima mtu achague kile kinauma zaidi na aache kingine. Akaomba ruhusa ya Nthiga kwa heshima na akarudisha mbuzi kwa dadu moja. Akabakisha mwizi.

Kwa hivyo alichagua. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kujua. Mbuzi aliweza kubadilisha, lakini kufa kwa cucu aliacha vile kulivyo. Huko ndiko alichagua kuumiza.

Jumanne, 5 Novemba

Presha juu. Lori la mchanga limemwaga mafuta kwa njia yetu, kila kiatu kinaingia nayo ndani.

Jumapili, 10 Novemba

Nilimtuma Joyline awaambie maharagwe yangu hayachezewi tena. Chakula kikikosekana kweli, Mungu atatukumbusha vile tulikuwa tunakirusha kwa meza. Wakaenda wakaokota kokoto kwa rundo la mchanga.

Wakacheza na kokoto. Lennox alilisha kila mtu mpaka mbwa. Cucu wa kadi alishiba, mgeni akashiba, na bado zilibaki. Nikafurahi huko jikoni.

Halafu Gitari akasema, "Mnaona? Hakuna mtu ameuliza kama zinatosha. Kokoto ni kokoto. Haragwe mtu analiangalia mara mbili kabla ya kulitoa."

"Lakini mama amekataza," Joyline akasema.

"Basi tuache na kokoto. Ni nyumba ya mama."

Nilisikia hayo na sikupenda vile yalinilainisha. Nikajikaza.

Jumapili, 17 Novemba

Presha iko juu kuliko siku zote.

Mvua imekataa. Ndengu nyingi zimenyauka kabla ya kutoa maua. Kunde zimeingiwa na wale wadudu weusi wanaonata kwa vidole. Nilizichuma hivyo hivyo, nikaziosha, maji yakawa kama mafuta ya gari. Nikapika, nikafunga macho nikala. Ciakuthii ameshiba. Kwa hilo leo sikumlaumu. Nikamalizia yake pia.

Jioni nikamwambia Joyline. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri lakini yalitoka vingine.

"Januari sitapika uji."

Akajua. Kwetu wageni wa mambo ya harusi wakija, uji wa kwanza unapikwa na mama mwenye binti, na mazungumzo hayaanzi mpaka uji utoke jikoni. Mama asipopika, wazee wanasalimiana vizuri, wanaongea mambo ya mashamba, halafu wageni wanarudi walikotoka. Hakuna mtu anatukanwa.

"Kwa sababu gani, mama?"

"Nimemsikia. Mtu akiwa na mchezo anaonyesha moyo wake. Kule kanisani kila mtu ni mzuri."

"Unamkataa kwa sababu ya dadu?"

"Dadu haikucheka. Nyinyi ndio mlicheka."

Joyline akakaa kwa ndoo, ile amekuwa akikaa tangu akiwa mdogo. Nilidhani atalia, na kama angelia ningekuwa nimemaliza hapo hapo, ningempikia uji usiku huo huo. Lakini hakulia. "Hujawahi hata kumwangalia usoni," akasema. "Unamjua kupitia mbao."

"Hiyo ndiyo mila."

"Najua ni mila. Lakini mbao zina nafasi ya kupitisha maneno nusu."

Akatoka. Mtoto anaongea na mimi hivyo. Na mimi ndiye nilimbeba mgongoni akiwa na surua tukienda Embu, nikimwimbia njia yote asilale.

Jumatatu, 18 Novemba

Joyline haongei.

Jumatano, 20 Novemba

Haongei. Amefua blanketi langu bila kuambiwa.

Jumapili, 1 Desemba

Hawakuja. Nyumba iko kimya, ni mimi na Ciakuthii. Amekunywa chai, mkate ameacha. Nikamwambia, "Mama, kama chakula changu kinakuchukiza si useme." Akaniambia, "Chakula ni kizuri. Kula." Eti kula. Kama ninayelishwa ni mimi. Nikakula huo mkate, na ulikuwa na ladha ya sanduku.

Jumapili, 8 Desemba

Daktari, kuanzia hapa usisome. Haya si ya presha.

Wamekuja leo, Gitari na Joyline, bila Lennox kwa sababu ameshikwa na malaria. Nikawasikia wakifungua boksi na wakakwama. Boma la kadi linahitaji mtu wa kuwa mama, na huyo siku zote alikuwa Lennox. Hata hiyo sikuwa najua. Nthiga alikuwa sokoni.

Ciakuthii akasema kwa ile sauti yake ya juu, "Si Celina yuko?"

"Cucu, mama hawezi," Joyline akasema. "Kuna nthoni."

"Nani amesema akae meza? Acheze akiwa jikoni. Mimi nitabeba."

Nilitaka kukataa. Lakini nikafikiri, sasa nitaona hizo sheria kwa macho yangu, na nikimaliza nitakuwa na sababu ya kusimama mbele ya Nthiga. Nikanawa mikono. Nikawatolea maharagwe mimi mwenyewe, kikombe kimoja, kwa sababu nilitaka kucheza ile yao kabisa, si ya kokoto. Basi ikawa hivyo. Mimi jikoni kwa kigoda, Ciakuthii anapita mlangoni na fimbo mkono mmoja na kadi mkono mwingine, anatoka sebuleni anakuja, ananiambia dadu imesema nini, na mimi namwambia niamue nini.

Kwa kadi yangu kulikuwa kumeandikwa: Mama wa boma. Kazi yake ni kugawa. Nikasema moyoni, hiyo amepata sawa.

Nilianza nikiwa najivunia. Niliuza jogoo mapema. Niligawa vizuri, kila mtu haragwe lake, baba, msichana, kijana, cucu na mimi. Nilisema, mimi hakuna cucu atakufa kwa boma langu. Mvua ikakosekana. Ciakuthii akaja, "Wanasema hakuna." Akaja tena, "Hakuna." Maharagwe kwa kikombe yakaanza kuonekana chini. Na sijui ilikuwa nini. Nilijua ni gemu, na bado nilikuwa naangalia zile mbegu chache na ninasikia ile harufu ya mahindi ya njano ya msaada tuliyopewa nikiwa mtoto, harufu ya gunia na panya.

Wiki ingine. Cucu wa kadi anarudisha haragwe lake. Ciakuthii akalileta kwa kiganja, "Anasema ameshiba." Nikalipokea nikamwongezea kijana, ana kazi ya makaa. Sikuuliza chochote. Niliona ni bahati.

Wiki ingine. Wiki ingine tena, na kijana amefika alama mbili. Baba mbili. Kwa kikombe yamebaki mawili.

Ciakuthii akaniletea kadi ingine na akaniambia neno kwa neno vile alisomewa: boma lenye msichana mkubwa linaweza kumwoza wakati wa kiangazi, lipokee mbuzi watano sasa hivi.

"Mwoze," nikasema.

Nilisema haraka hivyo. Sikuuliza ni kwa nani. Nilikuwa nimeona mbuzi watano, nikaona maziwa, nikaona kijana anasimama. Nikasema, "Mwoze, waniletee hao mbuzi."

Ciakuthii akaenda. Nikasikia akisema, "Mama amesema aozwe." Hakuna dadu. Nikangoja. Nikauliza kupitia ukuta, "Wako wapi mbuzi wangu?"

"Mama," Joyline akasema. "Huyo msichana ni mimi."

Nilijua. Ni nani mwingine angekuwa? Meza ina watu wawili. Lakini hapo kwa kigoda nilikuwa nimesahau kabisa kwamba msichana ni mtu. Wiki tatu nimeapa huyu mtoto hataenda kwa mtu nisiyemjua moyo, na nimemtoa kwa mtu ambaye sikuuliza hata jina.

Nikawa na ile hali ya mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Na kwa sababu nilitaka iwe ni kosa la mwingine, nikauliza kwa ukali, "Na cucu? Nani amekuwa cucu?"

Ikaja sauti ya Gitari. Hajawahi kuongea na mimi moja kwa moja, na aliongea akiwa amegeukia upande mwingine, nilisikia, kama mtu anaongea na dirisha.

"Ni mimi, mama. Siku zote cucu ni mimi. Nikisoma sheria nashika pia yule ambaye hakuna mtu anataka."

"Ulimuua kwa nini siku ile?"

"Sikumnyima. Alikuwa na haragwe lake kila wiki. Cucu ana kadi moja ambayo wengine hawana, inaitwa Nimeshiba. Akiitoa, haragwe lake linarudi kwa boma, na hairuhusiwi kusema kwa nini." Akakohoa. "Yule wetu wa Kianjokoma alikuwa anasema hivyo. Ule mwaka kiwanda kilikosa kutulipa bonasi ya chai, na baba alikuwa mgonjwa, na sisi ni wengi. Kila jioni ameshiba. Tulimwamini. Nilikuwa ninafurahi akishiba, mama, kwa sababu niliketi karibu naye na sahani yake ilikuwa inakuja kwangu."

"Na siku ile," nikasema, "haragwe lake nani alikula?"

"Mimi," Joyline akasema. "Nilichukua tu. Sikuangalia hata limetoka wapi. Tukacheka kwa sababu tulikuwa hatujui, mama. Alituambia baadaye. Na akaniambia nisikuambie, usije ukafikiri anajitafutia huruma."

Nikainua macho. Ciakuthii alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni, ameshika yale maharagwe mawili ya mwisho kwa kiganja, anangoja nimwambie ayapeleke wapi. Mkono ule. Lini umekuwa mwembamba hivyo? Bangili yake imepanda mpaka karibu na kiwiko, na zamani ilikuwa inakaa kwa mkono kama imeshonwa.

Na kando ya jiko kulikuwa na sahani yake ya mchana, imefunikwa na ingine, vile huwa naifunika. Nilikuwa nangojea niimalizie.

Nilifunua. Githeri, zaidi ya nusu. Niliiangalia na kwa mara ya kwanza maishani chakula kizuri, nilichokipika mwenyewe, kikanichukiza mpaka nikashika mdomo. Tangu Oktoba. Yeye anashiba na mimi nanenepa. Na naandika hapa ati huyu mama hapendi mkono wangu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikulala. Asubuhi nilimpata Ciakuthii akiota jua.

"Mama, unashiba kweli?"

"Nashiba."

"Kuna mahindi kwa debe. Na Joyline ana mshahara. Si kama zamani."

"Iko, ndio." Akaniangalia na yale macho yake ya kejeli. "Na wewe unafikiri iko kwa nini?"

"Uliona lini kwamba mvua haitakuja?"

"Kabla hamjapanda. Niliona mchwa wamekaa chini, hawaruki vile huwa mvua ikikaribia." Akatema kando. "Wewe ulikuwa unaangalia dadu."

Nikamwambia kama hatakula na mimi sitakula. Akasema nisimtishe, ameona wanawake wengi wakisema hivyo na wakala. Na ni kweli, saa nane nilikula.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Nimeketi na Ciakuthii nikamhesabia vijiko kama mtoto. Alikula nusu. Alinitukana kwa Kimbeere matusi sikuwa nimesikia bado, miaka yote hii.

Jumapili, 22 Desemba

Presha imeshuka kidogo, sijui kwa nini, mawazo ni yale yale.

Nilimwambia Nthiga nitapika uji. Akafurahi. Halafu nikamwambia bado.

"Wasilete mbuzi wa mahari."

Akavua kofia. "Hiyo nayo umetoa wapi?"

"Mwaka kama huu nikipokea mbuzi kwa mkono mmoja na kumtoa Joyline kwa mwingine, mimi nitakuwa nani? Wakuje watuone. Mbuzi wabaki Kianjokoma mpaka hapa kunyeshe."

"Watu watasema tumemtoa bure."

"Waseme. Mimi nilishamtoa kwa watano, na nikauliza wako wapi."

Hakuelewa. Akakuna kichwa, akaangalia zizi lake ambapo wale wake wanatafuna gunia. "Ni kweli nyasi hakuna," akasema. "Huko kwao wapo kwa nyasi mpaka tumboni. Waache walishiwe bure." Akarudisha kofia. Kila mtu na njia yake ya kukubali.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kuku mmoja. Ciakuthii alikula paja.

Ijumaa, 3 Januari

Ndengu tumevuna. Nyingine zina fukusi hata kabla ya kuanikwa, ukibonyeza zinatoa unga wa kijivu unaonuka. Nimechambua mchana kutwa. Nzuri zimejaa beseni moja.

Jumamosi, 11 Januari

Walikuja. Wazee watatu, mama yake mwenye sweta zito kwa hili jua letu, Gitari, na Lennox aliyepona na kuongea kwa watu sita. Mbuzi hakuna. Walileta ndizi na viazi na majani ya chai. Kwa ukuta nilisikia mzee wao akisema wamekubali masharti ya mama ya binti, ingawa hawajawahi kusikia mengine kama hayo. Nthiga akasema hata yeye.

Uji ulikuwa tayari, wa wimbi, mzito. Joyline akaja na trei. Nikamwambia ngoja. Bakuli la kwanza nikamwekea Ciakuthii, ambaye alikuwa amekimbilia jikoni kwa sababu sebule ilikuwa imejaa, ama hivyo ndivyo alisema.

Akaliangalia. "Wape wageni. Mimi nimeshiba."

Nikavuta kigoda nikaketi mbele yake, magoti yakagusana.

"Uji wa wageni utapoa," akasema.

"Upoe."

"Celina, kuna wazee huko."

"Na hapa kuna nani?"

Akachukua kijiko. Alikula polepole makusudi, ananiangalia, ananitesa. Huko sebuleni mazungumzo ya mashamba yakaisha. Yakaisha na ya barabara. Nikasikia kiti kinasogea na mzee wao akiuliza kwa sauti ya chini kama kuna shida na uji, kama mama amebadilisha nia. Nthiga akakohoa. Joyline alikuwa ameshika trei tupu na macho yamejaa maji.

Ndipo nikasikia Gitari.

"Hakuna shida, baba. Tungojeni tu. Kuna mtu bado anakula."

Wakangoja. Ciakuthii akafika chini, akakwangua, akalamba kijiko pande zote mbili, akageuza bakuli juu chini kwa paja lake nione.

"Una sukari ingine?" akauliza.

Nikainuka nikawapelekea wageni uji.